Maji yasiyo na chumvi kuoshea gari: pima kwanza, nunua baadaye

Doa jeupe linalobaki kwenye boneti baada ya gari kuoshwa limezaa biashara. Bidhaa yenyewe ni maji yaliyoondolewa chumvi zote, ambayo mwenye gari huyatumia kusuuzia mara ya mwisho, kisha huliacha gari likauke lenyewe bila kufutwa. Muuzaji huahidi gari lisilo na doa, taulo lisilokwaruza rangi na dakika ishirini za Jumamosi zilizookolewa.

Ahadi hiyo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba gharama yake haifanani kwa kila mteja. Mtungi uleule, wenye ukubwa uleule na ulionunuliwa kwa bei ileile, unaweza kumtosha mwenye gari mmoja kwa miaka kadhaa na kumwishia jirani yake baada ya wiki sita. Kinachoamua si jina la kampuni lililobandikwa kwenye mtungi. Kinachoamua ni maji yanayoingia ndani yake.

Kwa sababu hiyo, anayefikiria kuingia katika soko hili, awe mnunuzi wa nyumbani au mwenye kituo cha kuoshea magari, anapaswa kujua hesabu yake kabla ya kufungua pochi.

CHANZO CHA DOA

Maji ya bomba na ya kisima hayawi maji matupu. Yanapopita kwenye udongo na mawe huyeyusha kalisi, magnesi, sodiamu, kloridi, salfeti na silika. Kiasi cha chumvi hizo hupimwa kwa miligramu katika kila lita. Maji yanapokauka juu ya bati la gari, yanayoondoka ni maji tu. Chumvi zote hubaki.

Chukua mfano wa gari lililosuuzwa likabakiwa na lita moja ya maji juu yake. Ikiwa maji hayo yana miligramu 300 kwa lita, gari litabakiwa na theluthi moja hivi ya gramu ya unga mweupe. Yakiwa na miligramu 1,500, unga huo ni gramu moja na nusu. Haubaki umetawanyika sawasawa, bali hujikusanya pembezoni mwa kila tone na kuchora zile duara ambazo wenye magari meusi na ya buluu wanazijua vizuri.

Doa jipya la chokaa si tatizo kubwa. Siki iliyochanganywa na maji huliyeyusha, kisha gari husuuzwa. Tatizo huanza linapoachwa juani. Joto la boneti hulikausha na kuligandisha, na likirudiwa wiki baada ya wiki huanza kuila vanishi, yaani lile tabaka la juu kabisa linaloipa rangi mng'aro. Madoa ya silika ni mabaya zaidi kwa kuwa siki haiyagusi. Hapo dawa inayobaki ni kupiga polishi.

Na hapa ndipo fedha inapoingia. Vanishi ya magari mengi ya kiwandani ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, chini ya unene wa unywele wa kawaida. Polishi huondoa doa kwa kuikwangua vanishi yenyewe, na kila mara huondoka maikroni kadhaa. Vanishi hiyo ni mtaji usiorudishwa. Ikiisha, kinachofuata ni kupiga rangi upya, na mnunuzi wa gari lililotumika anapoona boneti imepauka hushusha bei kabla hata ya kufungua mlango.

JINSI MTUNGI UNAVYOFANYA KAZI

Ndani ya mtungi kuna punje ndogo za plastiki maalumu ziitwazo resini. Resini za kisasa zilitokana na kazi ya wanakemia wawili wa Uingereza, Adams na Holmes, mwaka 1935. Punje hizo ni za aina mbili zilizochanganywa pamoja. Aina ya kwanza hunasa kalisi, magnesi na sodiamu, na badala yake huachia haidrojeni. Aina ya pili hunasa kloridi, salfeti, bikaboneti na silika, na huachia haidroksaidi. Haidrojeni na haidroksaidi zikikutana huwa maji. Kinachotoka upande wa pili ni maji yasiyo na chumvi ya kuonekana kwenye kipimo.

Mnunuzi asichanganye mtungi huu na kifaa cha kulainisha maji. Kifaa hicho hubadilisha kalisi kwa sodiamu, basi. Sabuni hutoa povu vizuri na birika haligandi chokaa, lakini jumla ya chumvi haipungui. Gari lililosuuzwa kwa maji yaliyolainishwa bado hutoka madoa, ingawa hufutika kwa urahisi zaidi.

Teknolojia ya tatu ni chujio la utando, ambalo husukuma maji kwa presha kupitia ngozi nyembamba sana. Hilo huondoa zaidi ya asilimia 90 ya chumvi, ila hufanya kazi polepole, huhitaji presha ya kutosha na humwaga sehemu ya maji kama taka. Viwanda vingi huliweka mbele ya resini ili lifanye kazi nzito, halafu resini imalizie kilichobaki.

HESABU YENYEWE

Lita moja ya resini mchanganyiko iliyo mpya hubeba takribani gramu 25 za chumvi, zikipimwa kwa uwiano wa chokaa. Mtungi wa nyumbani wenye lita 10 za resini basi hubeba gramu 250. Ukifika hapo umeshiba, na maji yanayotoka huanza kuwa na chumvi tena.

Ikiwa kila suuza ya mwisho inatumia lita 25, mtungi huo utafanya kazi kama ifuatavyo:

Maji yenye miligramu 50 kwa lita: lita 5,000, sawa na suuza 200.

Maji yenye miligramu 150: lita 1,670 hivi, sawa na suuza 66.

Maji yenye miligramu 300: lita 830 hivi, sawa na suuza 33.

Maji yenye miligramu 600: lita 420 hivi, sawa na suuza 16.

Maji yenye miligramu 1,000: lita 250, sawa na suuza 10.

Maji yenye miligramu 1,500: lita 170 hivi, sawa na suuza 6.

Hizi ni namba za karatasi. Hewa ya kaboni iliyoyeyuka kwenye maji pamoja na silika nazo hula sehemu ya nguvu ya resini, hivyo matokeo halisi huwa chini kidogo.

Sasa iwekwe bei. Kwa mfano wa hesabu tu, resini ya kujaza mtungi huo iwe shilingi 300,000. Mwenye maji ya miligramu 50 atalipa shilingi 1,500 kwa kila suuza. Mwenye maji ya miligramu 300 atalipa shilingi 9,000 na zaidi kidogo. Mwenye kisima cha miligramu 1,000 atalipa 30,000, na wa miligramu 1,500 atakaribia 50,000. Bei ya dukani ikiwa tofauti, mnunuzi abadilishe namba ya kwanza tu. Uwiano utabaki uleule.

Hapo linajitokeza jambo linalosumbua soko hili kila mahali. Anayeihitaji bidhaa zaidi, kwa kuwa maji yake ni mabaya, ndiye anayelipa zaidi. Na anayelipa kidogo, kwa kuwa maji yake ni laini, pengine hakuihitaji tangu mwanzo.

FUNZO LA UINGEREZA NA MAREKANI

Uingereza ni mahali pazuri pa kuliona jambo hilo. Maji ya London hupita kwenye miamba ya chokaa na ni magumu sana. Huacha ukoko kwenye kila birika. Glasgow hunywa maji ya ziwa la Loch Katrine, yaliyofikishwa mjini kwa mfereji mwaka 1859, nayo ni laini sana. Mwenye gari wa London ana sababu ya kununua mtungi. Wa Glasgow anaweza kusuuza kwa bomba la kawaida, akafuta kidogo na kwenda zake.

Waliolikuza soko la maji haya huko si wenye magari. Ni wasafisha madirisha. Hao waliacha ngazi na kuanza kutumia fimbo ndefu zenye brashi na mpira wa maji safi, hasa baada ya kanuni za kazi za mahali pa juu kutolewa mwaka 2005. Dirisha likisuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi hukauka bila doa, na msafishaji hana haja ya kupanda kulifuta. Kwa msafisha madirisha gharama ya resini ni gharama ya kazi. Anaitoza kwa mteja. Mwenye gari wa nyumbani hana wa kumtoza.

Marekani nako kulikuwa na jaribio kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Procter & Gamble iliingiza sokoni kifaa cha mkono kiitwacho Mr. Clean AutoDry, kilichofungwa kwenye mpira wa bustani. Kilikuwa na sabuni yake na kichujio kidogo cha kuondoa chumvi kwa ajili ya suuza ya mwisho. Kichujio kilitosha kwa idadi ndogo ya maosho, kisha mteja alinunua kingine. Ni biashara ya wembe na mpini: mpini hununuliwa mara moja, wembe hununuliwa daima. Baadaye kifaa hicho kilitoweka sokoni, lakini mpango wake wa mauzo unaendelea kwenye mitungi ya leo. Faida ya muuzaji haiko kwenye mtungi. Iko kwenye resini ya kujazia.

HALI YA MAJI YA AFRIKA MASHARIKI

Katika Afrika Mashariki tofauti ya maji ni kubwa kuliko ile ya London na Glasgow, na wakati mwingine iko ndani ya mtaa mmoja.

Dar es Salaam hupata sehemu kubwa ya maji yake ya bomba kutoka mto Ruvu. Hayo ni maji ya mto, na kwa kawaida chumvi yake ni ndogo kuliko ya visima. Lakini nyumba nyingi zina kisima kirefu, na visima vya karibu na bahari vinajulikana kwa maji chumvi. Nyumba mbili zinazotazamana, moja ya bomba na nyingine ya kisima, zinaweza kuwa na hesabu mbili zisizokaribiana hata kidogo.

Zanzibar maji mengi hutoka chini ya miamba ya matumbawe, ambayo ni chokaa. Dodoma imetegemea kwa miaka mingi visima vya Makutupora. Nairobi nayo hupata maji mengi kutoka mabwawa ya milima ya Aberdare, likiwemo la Ndakaini, na hayo ni laini. Ila wakazi wengi wa huko nao wamechimba visima kwa sababu ya mgao.

Kosa la kawaida ni kudhani kuwa maji yanayonyweka hayawezi kuharibu gari. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa maji yenye chini ya miligramu 600 za chumvi kwa lita huwa na ladha nzuri kwa watu wengi, na kwamba ladha huharibika zaidi yanapopita 1,000. Ukirudi kwenye orodha ya hapo juu, miligramu 600 ni suuza 16 tu kwa mtungi wa lita 10. Ulimi hauwezi kutumika kama kipimo cha biashara hii.

Kipimo kinachotakiwa ni kile kidogo cha mkononi, mfano wa kalamu, kinachopitisha umeme kidogo ndani ya maji na kutoa namba ya chumvi. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na mtungi. Kifaa hiki ndicho cha kununua kwanza, na kwa wengine kitakuwa cha mwisho pia, kwa sababu namba itakayotoka itawaambia wasiendelee.

MAJI YA BETRI

Wapo wanaouliza: kwa nini kununua mtungi wakati maji ya betri yanauzwa kila kituo cha mafuta na kila duka la vipuri? Swali hilo ni la msingi. Maji ya kuongezea betri ni maji yaliyotoneshwa kwa mvuke au yaliyopitishwa kwenye resini. Kwa kazi ya kusuuza gari, tofauti kati ya njia hizo mbili haionekani.

Kwa kiasi kidogo, hesabu inakubali. Anayetaka kusuuza vioo, boneti na paa tu anaweza kutumia lita tatu hadi tano kwenye chupa ya kunyunyizia, akafuta sehemu zilizobaki kwa taulo. Kwa gari zima, kununua chupa moja moja huwa ghali. Aliye karibu na mtengenezaji anayeuza kwa dumu la lita 20 atapata bei nyingine kabisa, na huenda asihitaji mtungi.

Tahadhari moja haina mjadala. Kwenye rafu hiyohiyo huuzwa asidi ya betri, ambayo ni asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji, na mara nyingi chupa hufanana. Watu wengine huita vyote viwili maji ya betri. Asidi hiyo huunguza ngozi, hupofusha macho na huharibu rangi ya gari na nguo. Mnunuzi asome lebo, aombe maji ya kuongezea, na chupa isiyo na lebo aiache dukani.

WASHINDANI WASIO NA BEI

Muuzaji wa mitungi hatataja washindani wake wawili wakubwa, kwa sababu wote wawili hutoa maji bure.

Wa kwanza ni mvua. Maji ya mvua ni maji yaliyotoneshwa na jua. Yakivunwa kwenye bati safi, baada ya mvua ya mwanzo kuosha vumbi, chumvi yake huwa ndogo sana, mara nyingi chini ya miligramu 50. Nyumba yenye mfereji wa bati na simtanki inayo akiba ya suuza inayolingana na maji laini ya Glasgow. Kinachohitajika ni kuyachuja kwa kitambaa, kuyapima, na kutochanganya na maji ya kisima ndani ya tangi hilohilo. Watu wengi hujaza tangi la mvua kwa maji ya kisima msimu wa kiangazi, na hapo faida yote hupotea.

Wa pili ni kiyoyozi. Matone yanayotoka kwenye bomba la kiyoyozi ni unyevu wa hewa uliopozwa ukawa maji, na chumvi yake ni kidogo mno. Katika miji ya pwani yenye unyevu mwingi kiyoyozi kimoja hutoa lita kadhaa kwa siku. Dumu la lita 20 likiwekwa chini ya bomba hilo hujaa bila gharama ya ziada, kwani umeme wake umeshalipwa kwa ajili ya kupoza chumba. Maji hayo si ya kunywa, kwa kuwa hupita kwenye vumbi na ukungu wa ndani ya mashine. Lakini yakichujwa yanafaa kwa suuza ya gari.

Mwenye vyanzo hivi viwili na gari moja hana sababu ya kibiashara ya kununua resini. Akishapata dumu moja kwa wiki, mahitaji yake yamekwisha.

NAMNA YA KUSUUZA BILA KUTUPA FEDHA

Upotevu mkubwa kwa watumiaji wa mitungi hutokana na kuosha gari lote kwa maji ghali. Maji yasiyo na chumvi si sabuni. Hayaondoi tope wala mafuta kuliko maji mengine. Mpira wa bustani hutoa lita 10 hadi 15 kwa dakika. Ukiachwa wazi dakika kumi, mtungi umepitisha lita 100 hadi 150 na kupoteza sehemu ya nguvu yake kwa kazi ambayo maji ya bomba yangeifanya.

Utaratibu unaofaa ni huu. Gari liwekwe kivulini na bati lipoe. Lisuuzwe vumbi kwa maji ya kawaida, lioshwe kwa shampuu ya magari, kisha lisuuzwe tena kwa maji ya kawaida hadi povu liishe. Hapo ndipo maji yasiyo na chumvi yanapoingia, na kabla yale ya kawaida hayajakauka. Yaanzie kwenye paa, yateremke kwenye vioo, boneti, milango, na kumalizia chini. Presha haihitajiki. Lengo ni kuyasukuma nje maji yenye chumvi, na dakika mbili za mtiririko mdogo zinatosha.

Asiye na mtungi anaweza kutumia bomba la mgongoni la kunyunyizia dawa shambani, lile la lita 16 au 20, alijaze maji ya mvua au ya betri. Liwe jipya. Lililowahi kubeba dawa ya wadudu au ya magugu lisitumike kabisa.

Milango ifunguliwe na kufungwa mara moja ili maji yaliyojificha kwenye vioo vya pembeni na vishikio yatoke, kwani hayo huchuruzika baadaye na kuchora mistari. Baada ya hapo gari liachwe. Kama kuna vumbi la barabarani hewani, suuza hii haitalizuia. Vumbi likitua kwenye gari bichi litaonekana hata maji yawe safi namna gani. Kwa mtaa wa barabara ya udongo, taulo laini la kukaushia bado lina kazi yake.

DALILI ZA RESINI ILIYOKWISHA

Mtumiaji apime maji yanayotoka kila anapoosha. Namba ikiwa sifuri au karibu na sifuri, mambo ni mazuri. Ikipanda kufikia 10 au 20, ajiandae kubadilisha. Resini ikiisha kabisa, maji huweza kutoa harufu kama ya samaki. Hiyo ni dalili kwamba mtungi ulipaswa kubadilishwa mapema zaidi.

Kipima cha mkononi kina udhaifu mmoja. Hakioni silika vizuri, nayo silika ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuponyoka resini inapochoka. Mwenye maji ya kisima chenye silika nyingi asisubiri namba ipande sana.

Mtungi uhifadhiwe kivulini na usiachwe ukakauka. Klorini ya maji ya bomba nayo huichakaza resini taratibu, hivyo kichujio cha mkaa mbele yake ni nyongeza yenye maana kwa mji wenye maji ya klorini nyingi.

Muuzaji anayesema resini inaweza kurudishiwa nguvu nyumbani asisikilizwe. Kazi hiyo huhitaji kutenganisha punje za aina mbili, kisha kuziosha moja kwa asidi kali na nyingine kwa magadi makali ya viwandani, na kuzitupa taka zake kwa usalama. Ni kazi ya kiwanda.

KWA WENYE VITUO VYA KUOSHEA

Biashara ambayo mwenye gari mmoja haiwezi, kituo chenye magari thelathini kwa siku kinaweza kuimudu kwa njia nyingine. Kituo kikiweka chujio la utando linaloondoa asilimia 95 ya chumvi, maji ya kisima ya miligramu 1,000 hushuka hadi 50. Resini iliyokuwa inatosha suuza 10 sasa inatosha 200. Gharama ya resini kwa kila gari, kwa ule mfano wa shilingi 300,000, inashuka kutoka 30,000 hadi 1,500. Kwenye hesabu iongezwe bei ya chujio, umeme wa pampu na maji yanayomwagwa, ambayo yanaweza kutumika kwa suuza ya kwanza ya vumbi na matairi badala ya kupotea.

Mitambo hiyohiyo hutoa maji yanayofaa kuoshea vioo vya majengo na paneli za jua, kazi ambazo nazo huharibiwa na chokaa. Anayewekeza aangalie kama anaweza kuwauzia na hao, kwa sababu mtambo unaosimama nusu siku hautarudisha mkopo.

Kituo kisicho na mpango wa namna hiyo, kinachotaka tu kuandika kwenye bango kwamba kinatumia maji maalumu, kitamaliza faida yake kwenye resini kabla ya mwezi wa tatu.

MWELEKEO WA MNUNUZI

Maji chini ya miligramu 100 kwa lita: mtungi si wa lazima. Osha kivulini, futa kwa taulo safi.

Kati ya 100 na 300: mtungi una maana kwa mwenye gari la rangi nyeusi au la thamani, mradi utumike kwa suuza ya mwisho tu.

Kati ya 300 na 600: anza na mvua na kiyoyozi. Mtungi uwe wa kujazia pengo la kiangazi.

Zaidi ya 600: usinunue resini peke yake. Tafuta maji mengine, au weka chujio la utando mbele yake.

Na kwa kila kundi, kipima chumvi kinunuliwe kabla ya mtungi. Muuzaji anayekataa maji ya mteja kupimwa mbele yake anajua namba itakayotoka.